Saa Sita ya Kule

Awino alinitumia picha ya mji wake:
nyumba thelathini na moja, nilizihesabu,
zimeng'ang'ania mwamba kama kupe sikioni mwa ng'ombe,
kisha bahari, kisha basi.
"Hii ndiyo manispaa nzima, mama.
Ina meya, ina zahanati, ina kiwanda cha samaki,
na barabara moja ambayo upepo huifunga ukipenda."
Jina lake limenishinda. Ulimi wangu wa Seme
hujikwaa kwenye herufi ya tatu.

Huku Obunga nakaanga mgongo wazi.
Viwanda huchukua mnofu, mnofu hupanda ndege,
sisi tunabaki na kichwa, uti na mkia,
na mafuta yanayoruka kuniandika mikononi.
Awino alikata mbuta hapa miaka sita,
buti nyeupe, kofia nyeupe, kisu cha zamu.
Sasa anakata samaki mwingine, wa baridi,
mwenye unywele mmoja kidevuni kama mzee bahili.
Nikamuuliza, "Na vichwa je, nani hukaanga?"
"Huanikwa kwenye miti, mama. Vinauzwa Naijeria."
Nikatulia kidogo.
Kumbe hata samaki wa kule
ana watu wake wa kichwa na watu wake wa mnofu.

Lakini jua!
Mwezi wa kumi na moja liliondoka
kama mpangaji mwenye deni, usiku, bila kuaga.
Miezi miwili.
"Sasa saa moja ya asubuhi mnaitoa wapi?"
Maana sisi jua likitoka ndipo hesabu inaanza;
lenyewe ndilo kidole cha kwanza.
Asipofika mwenye kuhesabu, nani aseme moja?
Akacheka, akakohoa.
"Kwenye simu, mama. Kwenye simu tu."

Jana alijifungua.
Upepo ulikuwa umefunga barabara, akazalia zahanati.
Mtoto wa kike, kilo tatu na nusu,
saa sita ya mchana, ya kule.
Kwangu ilikuwa saa nane, karai linachemka.
"Nje kukoje?"
"Giza. Lakini si la makaa, mama,
ni la wino uliomwagika kwenye maji."
Mtandao ukakatika, ukarudi:
"Mpe jina."

Kwetu jina husomwa angani.
Achieng ni wa jua la utosi, Atieno ni wa usiku,
mimi Adhiambo nilikuja kuku wakipanda kulala.
Min Obuya, kwenye karai la pili, akasema: Achieng, saa ni saa.
Nereya akatema mwiba: Atieno, giza ni giza.
Wakabishana hadi wateja wakaingilia,
kijana mmoja wa bodaboda akapendekeza Friji.
Tulimfukuza, ila tulicheka.

Nikatoka nje ya kibanda.
Kivuli changu kilikuwa kifupi, kimelalia upande wa Ahero.
Jua lilinikalia kichwani kama mdai,
hili hili ninalolitukana tangu nipate akili,
lililonichoma mgongo nikipalilia mtama,
lililokausha kisima cha mama yangu.
Sikulitukana.

Leo nimemrekodia Awino ujumbe:
umesema mwisho wa mwezi litachungulia,
dakika chache, juu ya mlima,
na watoto wa shule huachiwa wakalipokee
na kula maandazi.
Basi mwambie karani wa manispaa aache pengo kwenye fomu.
Siku hiyo mfunge mtoto vizuri, miguu kwanza,
umpandishe kilimani, umfunue uso.
Akilia, akajificha kifuani, huyo ni Atieno,
na hakuna aibu, bibi yangu aliitwa hivyo.
Akilitazama,
hata kwa jicho moja,
nipigie.
Nitapokea mikono ikiwa na mafuta.